Elisi ya ndege ya Bauma

Mjukuu wangu Furaha,

Mimi na bibi yako tunakusalimu kutoka Kalembe. Maharage yamekauka vizuri, na mbuzi wako amezaa mapacha, wote wabishi kama wewe.

Unaniuliza kama nami niliwahi kuona wivu. Ee mama! Wivu ulinitafuna nikabaki mifupa.

Nikiwa mtoto shuleni, mwalimu alituambia kila mtu achonge ndege ya abiria, na iliyo bora itundikwe darasani. Yangu ilifanana na kuku aliyenyeshewa. Rafiki yangu Bauma, mtoto wa wawindaji wa Walikale, alichonga jeti aliyoiona pichani kwa padri. Aliipaka udongo mweupe, akachora kila msumari kwa mwiba wa mlimao. Watoto wote waliizunguka.

“Iko wapi elisi, ile panga ya mbele yenye kuzunguka?” nilimchokoza. “Itasukumwa na malaika?”

“Jeti haina elisi, kaka. Hiyo njo uzuri yake.”

Basi wakati wa mapumziko nilichonga elisi, nikaibandika puani mwa jeti yake kwa utomvu, ili niiharibu.

Mwalimu wetu hakuwahi kusikia habari za jeti. Aliingia, akapiga makofi.

“Hii njo ndege! Iko na kila kitu, mpaka elisi!” Akaitundika.

Bauma aliitazama elisi, kisha akatazama vidole vyangu, vilivyogandamana kwa utomvu.

“Aksanti, kaka,” akasema. “Bila wewe ningeshindwa.”

Mpaka leo, mtu akinizidi, naangalia vidole vyangu kwanza.

Babu yako