Waya wa Spika Katika Gari la Bi Harusi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwanamvua Shomari Jumbe
Umri: Miaka 54
Kazi: Mkulima, pia nina gari la kukodisha kwenye shughuli
Makazi: Mlandizi
Mahali na tarehe: Kituo cha polisi, Kibaha, 15 Desemba 2024

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe kwa ajili ya fundi Onesmo mliyemweka ndani tangu jana. Anadaiwa kuchoma gari langu na kumdhalilisha bi harusi wetu. Gari ni langu na bi harusi ni binti wa kaka yangu, na mimi simlalamikii. Namshukuru.

Mnamo tarehe 12 Desemba 2024 asubuhi nilipeleka gari langu aina ya Noah kwa Onesmo, fundi wa redio za magari pale Mlandizi, mzaliwa wa Kisarawe. Nilitaka afunge spika kubwa la besi, kwa kuwa Wema, binti wa kaka yangu, alikuwa anaolewa na gari hilo ndilo la kumpeleka Visiga kwa mumewe. Nilikuwa na Hamza, kaka yake Wema. Hamza alikuja na waya wake mwekundu, mnene kama kidole. Onesmo aliumenya kwa kisu. Ndani zilikuwa nyuzi chache tu, na alipozikwangua, rangi ya shaba ikatoka ikabaki alumini nyeupe.

Akaniambia, "Mama, unene wote huu ni ganda. Spika hili linavuta umeme mwingi, waya huu utashika moto. Mimi sifungi."

Hamza akasema, "Shangazi, jamaa anakupiga huyo. Waya ni waya."

Nilimwambia Hamza anyamaze. Onesmo alifunga waya wa shaba tupu, akaweka fyuzi jirani na betri. Muziki ulipiga hadi mabati ya jirani yakatetemeka. Nilifurahi, nikamwalika fundi harusini.

Mnamo tarehe 14 Desemba, saa kumi jioni, tulifika Visiga. Kwetu bi harusi hashuki garini mpaka mawifi wampokee, na kabla ya hapo hafungui mdomo. Anakaa kimya, amefunikwa khanga. Sisi wa upande wake tulishuka wote, pamoja na somo aliyemfunda, tukawawekea mawifi ngumu wasimchukue upesi, tukitaniana na kuimba. Muziki ulikuwa umefunguliwa hadi mwisho. Wema alibaki peke yake kiti cha nyuma.

Moshi ukaanza kutoka dirishani. Mama mmoja akasema, "Jamani, udi huo!" Tukapiga vigelegele. Nami nilipiga, nikijua somo ameacha chetezo ndani kumfukiza mwari wake. Kumbe mtoto anakohoa chini ya khanga, na kwa adabu aliyofundishwa hapigi hata kelele.

Onesmo alikuwa amekaa na wageni. Alinyanyuka akipiga kelele, "Huo si udi! Ni mpira wa waya!" Alifungua mlango, akambeba Wema mikononi, na khanga ikaanguka. Mwanamume asiye ndugu, mbele ya wakwe. Hamza akamrukia kwa ngumi na wengine wakafuata. Asante ya punda ni mateke, afande. Alipochomoka, hakukimbia. Alirudi kufungua boneti na kung'oa waya wa betri kwa mkono mtupu. Kiganja chake mmekiona. Kiti alichokalia Wema kimeungua chote.

Leo asubuhi nilifunua zulia la gari mbele ya kaka yangu Mwishehe. Waya wa Onesmo ni mzima na fyuzi yake nzima. Pembeni yake umepita waya mwingine, umeyeyuka, hauna fyuzi. Ni ule wa Hamza. Nilimwuliza, akainama, akasema, "Shangazi, niliona besi haitoshi. Ijumaa niliongeza spika la pili." Yuko nje, nimekuja naye. Ni damu yangu na nampenda, lakini msema kweli ni mpenzi wa Mungu.

Naomba Onesmo aachiwe, atibiwe mkono, nasi tumwombe radhi mbele ya wale wale waliompiga. Haya ndiyo maelezo yangu, nimeyatoa kwa hiari na kwa moyo mweupe.

Sahihi ya shahidi: M. S. Jumbe

MAELEZO YA MWANDISHI
Mimi WP Koplo Evaline nimemsomea shahidi maelezo yake, akakubali ni sahihi. Nimepokea vipande viwili vya waya kama vielelezo. Kabla shahidi hajaondoka ameingia mwanamke mwenye hina mikononi, akiwa na mumewe. Amejitambulisha kuwa Wema Mwishehe. Nimemweleza kwamba angeweza kusubiri fungate liishe. Amekataa, ametaka iandikwe sasa hivi: "Nilikuwa na fahamu zangu zote aliponibeba. Aliniambia, 'Dada, pumua.' Hakusema kingine."