Ni Mto Athi, Si Pombe

Kibwezi, kwa shamba la mboga

Kwako Mama Mwikali, mke wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Habari ya hapo Ikutha, na mbuzi, na ule mguu wako wa kuuma? Mimi niko, kifua tu kinakohoa kwa sababu ya maji niliyokunywa. Kazi naendelea nayo. Hapa hakuna mtu anajua kupeleka maji kwa mifereji kama mimi. Nikienda kula tu, maji inapotea njia.

Barua yako nimesoma. Nimeisoma tena nikiwa nimesimama, maana kukaa kulinishinda. Ati mchungaji amesema siwezi kusimama na binti yetu Mwikali siku ya arusi yake mpaka kwanza nisimame mbele ya kanisa nikiri kwamba pale mtoni nilikuwa nimelewa. Na wewe, mke wangu wa ndoa, unaniandikia, "Baba Mwikali, sema tu, ni neno dogo, arusi ipite." Neno dogo! Tangu nibatizwe pombe haijapita kwa hii koo. Hata dawa ya kikohozi nanusa kwanza.

Sasa sikia, na umsomee huyo mchungaji.

Nilikuwa naleta yule ng'ombe wa arusi. Athi ilikuwa imejaa, lakini si ya kunishinda mimi, maji ilifika kiunoni tu. Nani alifundisha nusu ya Ikutha kuvuka? Si mimi? Mtoto yeyote wa kwetu anajua: ukiwa ndani ya mto usiangalie maji, angalia mti wa ng'ambo, uushike kwa macho mpaka ufike. Nikashika mti wangu. Hapo katikati ng'ombe akateleza, kamba ikanizunguka mkono, nikaangalia chini niifungue. Ni hapo tu. Mama Mwikali, maji ikasimama! Povu, vijiti, yote ikasimama kimya kama sakafu, na mimi ndiye nikaanza kukimbizwa kwenda juu, kule mto unatoka! Miguu inaniambia, umesimama mzee. Macho yanasema, unakwenda, jishike! Nikaegemea upande wa chini nisibebwe na mwendo ambao haukuwako. Nikajiangusha mwenyewe kama gunia.

Aliyenitoa ni Kilonzo, yule wa kuuza kaluvu. Alikuwa anavuka na punda wake, pombe ingine kwa kibuyu begani na ingine kwa tumbo. Akanishika kola, kibuyu ikapasukia juu ya kichwa yangu, akanivuta mpaka ukingo ule nilitoka. Na nani walikuwa wamekaa pale wakingoja maji ipungue? Akina mama wa kwaya yetu. Mmoja akainama akaninusa. "Ai! Na huyu si mzee wa kanisa?"

Nikamwambia, "Hii pombe ni ya Kilonzo."

"Kila mlevi husema ni ya mwenzake."

Wakacheka. Kilonzo mwenyewe, badala ya kunitetea, alikuwa analilia kibuyu.

Ng'ombe alivuka peke yake akafika kwako. Huyo hakuulizwa kama amelewa. Na umeniandikia mchungaji ameshachagua nyama yake atakayopelekewa. Yaani ng'ombe wangu aingie tumbo la mchungaji, na mimi nisiingie kanisa!

Nilipelekwa dispensari kwa hiki kifua. Nikamweleza daktari yote. Hakucheka. Akasema ndani ya kichwa ya mtu ni kama nzama, wazee wamekaa wanasikiliza mashahidi. Macho yanaleta habari ya mwendo. Miguu inaleta yake. Na ndani kabisa ya masikio kuna majimaji kidogo yanayojua ukiinama au ukianza kwenda. Kichwa inasikiliza wote, halafu inakata kesi.

"Na pale, mzee," akasema, "mchanga ulikuwa unatoka chini ya nyayo, kwa hivyo shahidi wa miguu alikuwa dhaifu. Sikio nalo, kwa mwendo usiobadilika halina la kusema. Macho yakapiga kelele peke yao, yakashinda."

"Unasema kichwa yangu ilidanganywa?"

"Ya kila mtu inadanganywa."

"Ya kila mtu, sawa. Lakini hii yangu?"

Tukabishana mpaka wagonjwa wakanung'unika. Lakini neno moja nililibeba: hata mchungaji, na vile hajaonja kitu, ukimsimamisha pale aangalie maji, ataona anakwenda.

Kwa hivyo sikiri. Kusema nililewa ndiyo dhambi, maana ni uwongo, na nitakuwa nimeusemea kanisani. Bwana wa shamba amenipa ruhusa, nitakuja. Wakinifungia mlango nitasimama nje kwa dirisha, Mwikali akigeuka anione.

Nisalimie mama yangu mzee, na ndugu yangu mdogo anayetuchungia mbuzi, na huyo kijana anayemuoa Mwikali, asiogope. Kilonzo pia, aliniokoa, lakini msalimie ukiwa mbali.

Mchungaji namvumilia, ni kijana. Wewe ndiye umenichoma. Koti langu jeusi liko kwa sanduku. Huyu mchuuzi anayekuletea barua atarudi Kibwezi siku ya soko. Kama unaamini nililewa, mwache arudi mikono mitupu, nitakuja na hii shati ya kazi. Kama unaniamini, mpatie koti.

Ni mimi mume wako,
Baba Mwikali