Baba Amemuaga Jenifa

Kimuli, Kyerwa,
18 Agosti 2024

Mpendwa kaka Benjamin,

Shikamoo. Habari za Mtwara? Shemeji Adela amepona kifua, na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima. Kahawa tumeshaanza kuichuma na mwaka huu imezaa vizuri.

Baba amesema habari hii haitoshi kwenye simu, niiandike uisome kwa utulivu.

Ulipoondoka baada ya Pasaka uliacha macho yake yana unjano kidogo. Baadaye mwili mzima ukageuka, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Lakini kilichomtesa hasa ni kuwashwa. Alijikuna kwa gunzi la mahindi mpaka damu ikatoka. Akawa hali wala halali.

Baba mdogo Cleophace alishauri tusimsumbue mzee, tusije tukampeleka Mwanza hai tukarudi na jeneza. Majirani nao wakaanza kuja kumuaga, mmoja mmoja, wakimshika mkono bila kumtazama usoni. Mama hakubishana na mtu. Alifungasha nguo za baba, akaniambia tunaondoka asubuhi.

Mwanza walimpima, wakakuta saratani kwenye kongosho. Uvimbe umeubana mrija wa nyongo, nyongo ikakosa pa kupita ikarudi kwenye damu. Nililia, kaka. Daktari, mama mmoja mpole anaitwa Benadeta, hakutuficha kitu.

“Mzee, saratani yenyewe siwezi kuiondoa,” alisema. “Njia ya nyongo naweza kuifungua.”

Baba akamuuliza, “Nitaacha kujikuna?”

“Utaacha.”

“Basi fungua.”

Hawakumpasua. Walimpa dawa ya usingizi, wakapitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera mpaka mwanzo wa utumbo, wakaweka ndani ya ule mrija kibomba kidogo cha wavu wa chuma. Wanakiita stenti. Mama na mimi tulikaa nje kwenye benchi, tukisali rozari, nikawa nachanganya matendo na yeye ananirekebisha.

Siku zilizofuata mkojo ukaanza kutakata. Kuwashwa kukapungua, kisha kukaisha kabisa. Akalala usiku kucha, mama akawa anaamka kumsikiliza kama anapumua. Tulipofika nyumbani aliomba ndizi na maharage, akala, akaongeza.

Ugonjwa bado upo, nisikudanganye. Tumeambiwa homa au unjano ukirudi tumkimbize, maana kibomba huweza kuziba. Baba anajua yote hayo.

Jana ilikuwa sherehe ya kumuaga mdogo wetu Jenifa, anaolewa Kihanga. Baba alivaa koti lake la kanisani, limempwaya, lakini macho yake meupe kabisa. Baba mdogo Cleophace alimletea kiti aseme akiwa ameketi. Akakisukuma pembeni, akasimama mbele ya wale wale majirani.

Akasema, “Nyote mlikwisha kuniaga. Leo namuaga mimi binti yangu.”

Kaka, vigelegele vile ningependa ungevisikia. Baba mdogo alicheza mpaka kofia ikamdondoka.

Mama anakusalimu, na baba mdogo Cleophace, na bi harusi mwenyewe. Wabusu watoto. Omba ruhusa kazini mapema uje, baba anakungoja akiwa bado na nguvu. Mungu awalinde nyote na awafikishe salama.

Mdogo wako anayekupenda sana,
Deodatha