Picha ya Kifua Ndani ya Spika

Dandora, Alhamisi, Julai 1984. Baridi, na jua halijatoka tangu asubuhi.

Salamu kwako daftari. Mimi sijambo kidogo. Baba Mwende hajambo, mikono imejaa gundi. Mwende wangu wa miaka tisa hajambo, leo amekohoa mara mbili tu. Mama mkwe, aliyetutembelea kutoka Machakos, hajambo ila anauliza kwa nini situlii.

Situlii.

Baba Mwende anatengeneza spika. Boksi halimsumbui, kwao ni wachonga vinyago, mbao anazijua. Shida ni ile spika yenyewe inayokaa ndani na kutoa sauti. Ya dukani bei yake haishikiki. Basi wanaookota vyuma jalalani wanamletea zilizoungua, anabakiza sumaku na fremu. Koni anaikata kwenye karatasi ya mfuko wa simiti. Waya mwembamba anausokota juu ya betri ya tochi mpaka unakuwa koili. Hiyo koili lazima ikae katikati ya sumaku bila kugusa popote, kwa hiyo gundi ikiwa mbichi anachomeka vipande vinne vya plastiki nyembamba kuishikilia. Ikikauka, anavitoa.

Kanisa letu limemwagiza moja ya Jumapili. Hajawahi kupata kazi ya kanisa.

Leo nimefungua sanduku kutoa picha ya eksirei ya Mwende, ile ya mwaka jana alipougua kifua. Kesho asubuhi ni kliniki, atapigwa nyingine daktari azilinganishe. Nikaiinua dirishani. Pale daktari alipozungusha kalamu nyekundu, palikuwa na tundu lililokatwa, nikaona nguo za jirani kwenye kamba.

Nilitoka mbio hadi uani. Vipande vinne vya picha hiyo vilikuwa vinachungulia kwenye spika.

“Nilidhani ni ya zamani,” akasema Baba Mwende. “Si mtoto amepona?”

“Nani amekuambia amepona?”

“Basi ngoja gundi ikauke, Mama Mwende. Nikivuta sasa koili itakwaruza.”

“Itakauka lini?”

“Na baridi hii? Kesho jioni.”

Mwende akadakia, “Ati mapafu yangu yataimba kanisani kabla yangu!” Bibi yake akacheka mpaka akashika mbavu.

Mimi sikucheka. Nilifua nguo ambazo zilikuwa safi. Niligusa ile gundi mara tatu, bado inanata. Mara ya nne, nakiri, nilishika kipande nivute. Nikaona koni tatu zilizomharibikia wiki hii, nikaacha.

Kumbe Baba Mwende aliniona. Saa kumi akaketi, akavuta vyote vinne mwenyewe, kimoja kimoja, akavipangusa kwa shati lake. Kisha akaunganisha spika kwenye redio. Mtangazaji alisikika kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali.

Akazima.

“Wazee wa kanisa nitawaambia wangoje,” alisema, na hakunitazama.

Nilifurahi, na nikaona aibu kwamba nimefurahi.

Tumevirudisha vipande mahali pake kwa selotepu. Kimoja kimebaki na doa la gundi ndani ya ule mviringo mwekundu. Nimeliangalia mpaka sasa sijui lipi ni gundi na lipi ni ugonjwa.

Daktari, jina lako silijui. Kesho ukiinua picha zote mbili kwenye mwanga, usianze kunong'ona na nesi, usinirudishe kwenye benchi. Niambie mimi, na uniambie upesi.