Kitabu cha Poka na Mkono wa Nzau

Shangazi Kavindu,

Salamu nyingi kutoka Wamunyu. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana, na leo nakuomba unisaidie kabla sijaichana ya nne.

Naitwa Mwanzia, niko na miaka hamsini na mbili, ni mchongaji wa vinyago, na kwanza ujue kwamba nyumbani kwangu hakuna vita, mke wangu Mbithe tunasikizana, binti yetu Tracy yuko chuo, mvua haikutusahau mwaka huu, na kila Jumamosi tukifunga kazi saa nane mchana tunakaa wanaume wanne nyuma ya karakana tunacheza karata, na tafadhali Shangazi usinirukie, si kamari, tunacheza na ndengu, kila mtu anapimiwa kikombe kimoja na tukimaliza zote zinarudi kwenye mkebe.

Mchezo wenyewe ni poka. Alitufundisha Kiragu, mwenye duka la mbegu na mbolea hapa sokoni, aliyeujua zamani akihudumu hotelini Nairobi. Kila mtu anapewa karata mbili za kuficha, halafu tano zinafunguliwa mezani polepole ziwe za wote, na kila zinapofunguliwa unasukuma ndengu katikati au unatupa karata zako unakaa kando, na utamu wote uko hapo, kwamba unaweza kuwa huna kitu kabisa ukasukuma ndengu nyingi kwa uso mkavu mpaka wenzako waogope watupe zao. Wa tatu ni Makau wa mashine ya kusaga unga, na wa nne ni Nzau, ambaye tumechonga chini ya bati moja miaka ishirini na sita, na ndiye aliyenionyesha kushika tezo nilipokuja hapo kijana sijui kitu.

Sasa Shangazi, mimi nilikuwa mtu wa kushindwa. Miaka sita! Waliniita Mfadhili. Ndengu zangu zilikuwa zikiisha kabla chai haijamiminwa, na Nzau ndiye alikuwa bingwa, anacheka bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka.

Mwaka jana nikaenda Machakos kununua msasa, nikapita kwa muuza vitabu vya mitumba, nikaona kitabu cha kufundisha poka, hakina jalada, kurasa za mwisho zimeliwa na panya, nikakinunua nikakificha ndani ya koti kama mtu aliyeiba. Kiingereza chake kilikuwa kigumu, nikachukua kamusi ya Tracy ya shule nikawa nasoma ukurasa mmoja kwa siku, mwingine siku mbili. Nilidhani kitanifundisha kushinda, kumbe sura nne za kwanza kilikuwa kinanifundisha kutupa, kwamba karata nyingi unazopewa ni za kutupwa na mtu mvumilivu hachezi kila kitu, na mimi nilikuwa nacheza kila kitu kwa sababu niliona haya kukaa kando. Kikanifundisha kuhesabu, kwamba ukiona kopa nne basi zimebaki tisa mahali fulani. Baadaye nikaanza kuangalia video kwenye simu, Mbithe akalalamika kwamba bando inaisha, kisha naye akavuta kiti akaangalia, na mwisho tukawa tunacheza sisi wawili jioni tukingoja muthokoi iive.

Siku moja akaniambia, "Baba Tracy, wewe ukipata karata nzuri unaacha kupumua."

Nikamwambia, "Asi! Kweli?"

"Kabisa. Unakaa kama mtu anayepigwa picha."

Basi nikajifunza kupumua, Shangazi, usicheke, na kufika Oktoba nikaanza kushinda. Makau akanikunjua mikono ya shati akitafuta karata. Sikuwaambia kuhusu kitabu, niliwaacha waseme ni bahati, na nilikuwa na furaha ambayo sijui nikueleze vipi, naenda kazini Jumatatu napiga mluzi.

Shida ilitoka kwenye sura moja inayosema usiangalie uso wa mtu, angalia mikono, kwamba mtu akipata karata nzito sana mkono wake unatetemeka anaposukuma dau na hawezi kuuzuia. Januari nikaona mkono wa Nzau unatetemeka. Alisukuma kikombe kizima na ndengu nyingine zikamwagika, mimi nikiwa na wafalme watatu, nikakumbuka kitabu nikatupa. Nzau akafunua zake, nane na tatu, hana kitu! Wakanicheka mpaka Kiragu akafuta macho. Wiki iliyofuata mkono ukatetemeka tena, nikatupa tena, hana kitu tena. Nikajiambia huyu mzee ni mjanja, anajitetemesha makusudi, labda naye ana kitabu. Nikawa namchunguza kila Jumamosi, mwezi wa pili ukaisha, wa tatu ukaingia.

Jumamosi moja ya Machi akasukuma zote, mkono ukacheza vilevile, na mimi nikasema leo sitoki. Nikasukuma zangu. Nikafunua, nikashinda, na Shangazi, furaha ikanipanda kichwani nikasimama nikapaza sauti, "Nzau, huo mkono wako unatetemeka bure! Umekuumbua leo!"

Hakuna aliyecheka. Makau na Kiragu wakauangalia mkono, nami nikauangalia, ulikuwa umelala juu ya goti lake, mchezo umekwisha, hakuna karata wala dau, na bado ulikuwa unatetemeka. Nzau akautia mfukoni. Akachukua kofia yake akasema, "Haya, mko sawa," akaenda.

Ndipo mambo mengine yote yakanijia kwa pamoja, kwamba ameanza kufunga suruali kwa kamba, kwamba anatoka jasho hata asubuhi na baridi, kwamba yeye aliyekuwa akichonga swala wa pembe nyembamba kama njiti siku hizi anachonga vifaru na mabakuli tu, na mara mbili amenipa kazi nimmalizie macho akisema miwani yake ni mbaya.

Nilipomweleza Mbithe aliweka mwiko chini akasema, "Miezi mitatu umekuwa ukiuangalia mkono huo, na hukumuuliza hata siku moja kama unamsumbua?"

Sasa ni Jumamosi ya nne Nzau haji. Kazi anafanyia nyumbani kwake, amemtuma mtu kuchukua vifaa vyake. Nimefika mpaka kwenye lango lake mara mbili nikarudi. Shangazi, nikichome hiki kitabu? Niache poka? Nimwendee mke wake, Nduku, nimwambie nilichoona, au hiyo itakuwa ni kumwaibisha mara ya pili? Nimepoteza hamu hata ya kupiga mluzi.

Ni mimi,
Mwanzia, Wamunyu

*

Mwanzia,

Jibu hili nimekutumia kwa simu siku ileile barua yako ilipofika, kwa sababu jambo la mwili wa mtu haliwezi kungoja gazeti la Jumapili.

Nianze na zuri. Mwanamume wa miaka yako anayekaa na kamusi ya mtoto wake, ukurasa kwa ukurasa, ili ajue kitu ambacho hakuna aliyemlazimisha kukijua, huyo mimi namheshimu. Na mke anayevuta kiti kukaa nawe badala ya kukukemea, huyo mshukuru kwa mdomo wako, usidhani anajua. Kwa hiyo usichome kitabu. Kitabu hakijakosa.

Aliyekosa ni wewe. Uliona mkono wa rafiki yako wa miaka ishirini na sita unatetemeka, ukajiuliza ameshika karata gani! Ulimwona amekonda, umemmalizia macho ya vinyago vyake, na bado kichwani mwako kulikuwa na ndengu. Sikuambii haya ili ulie. Nakuambia kwa sababu bado unafanya kosa lilelile: wiki nne unasimama langoni ukiwaza utaonekanaje, na Nzau yuko ndani na mkono wake.

Sasa nisikilize. Kesho asubuhi uende, peke yako, kabla hajaanza kazi. Usimpigie simu kwanza, atakuambia hayuko. Usibebe sukari wala mkate, huendi kuhani msiba. Usianze na habari ya karata. Mwambie hivi: nilikukosea mbele ya watu, nimeona mkono na nimeona umekonda, nina hofu, twende hospitali na nitakaa nawe mpaka tutoke. Ukimaliza, nyamaza. Kunyamaza ndiko kutakuwa kugumu kwako, naona kutoka kwenye barua.

Akikufukuza, rudi kesho yake. Kumwendea Nduku kwa siri, hapana. Huyo ndiye anayemmiminia chai. Hutampelekea habari mpya. Lakini wiki ikipita na Nzau amekataa kata kata, mwambie usoni kwamba utazungumza na mke wake, kisha uzungumze naye. Mtu akiambiwa kwanza, huo si usaliti.

Na usimpe ugonjwa jina. Mkono hutetemeka kwa sababu nyingi, nyingine zina dawa rahisi, na mimi na wewe hatuzijui. Simu iliyokufundisha poka isikufundishe udaktari.

Kuhusu wenzenu, Makau na Kiragu: ulimwaibisha Nzau mbele yao, kwa hiyo mbele yao ndipo utakapokiri. Siku hiyo uweke kitabu mezani. Kushinda kwa kusoma si kosa hata kidogo. Kuwaacha marafiki wakudhanie bahati huku wewe unawachunguza vidole, hilo ndilo lililokufikisha hapa. Waambie ulichojifunza, wote mcheze vizuri zaidi.

Nenda.

*

Barua na jibu navichapisha leo kwa ruhusa yao wote wawili. Nzau mwenyewe ndiye aliyesema majina yasifichwe, eti Wamunyu nzima inajua.

Mwanzia alinipigia wiki iliyopita. Anasema alimkuta Nzau ameketi uani juu ya gogo, kikombe cha chai kimejaa nusu tu ili kisimwagike.

Nzau akamuuliza, "Umekuja kuangalia mkono?"

"Nimekuja kukuangalia wewe."

Akasema maneno yale, akanyamaza. Anasema alikaa kimya mpaka kuku wakapita mara mbili. Ndipo Nzau akamweleza: baba yake alianza vivyo hivyo, mkono mmoja, kisha mwingine, na mwishowe akawa analishwa kwa kijiko kama mtoto. Nzau alikuwa ameamua hataki kuambiwa na daktari kitu anachokijua tayari. Poka ilikuwa mahali pekee ambapo mkono wake ungeweza kutetemeka watu wakadhani ni mchezo.

Kutoka jikoni Nduku akapaza sauti, "Mimi nimemwambia tangu Krismasi! Labda atakusikia wewe!"

Jumanne wakaenda hospitali mjini Machakos. Daktari akauliza kuhusu usingizi, kuhusu jasho, kuhusu moyo kwenda mbio, akamgusa shingo, akatoa damu. Majibu yalipotoka hayakuwa ugonjwa wa baba yake. Ni tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, ndiyo iliyokuwa ikimkondesha na kumtetemesha. Amepewa dawa. Daktari hakumwahidi siku, alisema mkono utatulia kidogo kidogo akizimeza bila kuruka, na damu ipimwe tena. Mwanzia anasema Nzau alitoka pale akaingia hoteli ya kwanza aliyoiona, akala sahani mbili.

Jumamosi wote wanne walikaa. Mwanzia akaomba radhi mbele yao, akaweka kitabu mezani. Kiragu akakigeuza geuza, akauliza ni panya gani hao wanaojua Kiingereza. Makau akasema basi Mwanzia arudishiwe jina lake la Mfadhili. Nzau akakichukua akakitia ndani ya koti lake.

"Ukitaka nikusamehe kabisa," akasema, "hiki kinalala kwangu mwezi mzima."

Mwanzia ananiuliza ni sawa? Ni sawa kabisa. Nzau naye asome, na kamusi mpe.

Lakini nilimuuliza siku ya kupima damu tena, akaniambia ni Jumamosi ya wiki hii tunayoanza, na kwamba Nzau anafikiria kuisogeza mbele ili wacheze. Isisogezwe. Nzau, najua gazeti hili linafika kwako: karata zitangoja. Foleni ya hospitali huanza saa kumi na mbili asubuhi. Muwe hapo wawili, wewe na Mwanzia, na mbebe chai.