Panya wa Zadock

Lois, uko shambani? Tua jembe usome hii. Kaka yako Zadock kajiaibisha leo hapa gereji, mbavu sina!

Mumina kaleta ile haibridi yake, gari la petroli na umeme, nyuma imejaa mitungi ya maziwa. Feni ya kupoza betri ilikuwa imezibwa na vumbi. Zadock akachomoa kwanza ile plagi ya rangi ya machungwa inayokata umeme mkali, maana ule unaua. Akasafisha, akafunika. Kuwasha, taa tupu, gari haliendi!

Kompyuta ya kupimia ikasema njia ya umeme ya usalama imekatika. Zadock akatangaza gereji nzima isikie, "Panya! Wamekula waya!"

PANYA, Lois. Akang'oa viti, akang'oa mazulia. Mumina analia, "Fundi, maziwa yangu yatachacha!"

Mwisho akakaa anywe chai. Akaruka juu! Kitu kimemchoma pajani. Akatia mkono mfukoni mwa ovaroli…

Plagi!

Kaiweka mwenyewe, mtu asije akairudisha yeye akiwa bado anashika waya. Ndivyo walivyofundishwa!

Akaipachika, gari likawaka papo hapo. Mumina akatoa kichwa dirishani: "Fundi, ukifua hiyo ovaroli, toa panya kwanza."