Tabia ya Kutokufa Niliyompa Nyundo

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi nipokee hivyo hivyo kama mwenzio, naandika kwa mkono wangu mwenyewe na shule yangu iliishia pale nilipojua kusoma jina langu na bei za vitu, kwa hiyo ukikuta nimekosea unisamehe usome maana, na maana yenyewe ni kwamba mwanangu wa mwisho haongei na mimi, na sababu ni mtu ambaye hayupo.

Nieleze vizuri. Mwanangu ni fundi kwenye kampuni inayosimamisha minara ya simu, mtu mzima mwenye ndevu zake, na kila Jumamosi mchana yeye na wenzake walikuwa wanakuja sebuleni kwangu kucheza mchezo wao wa mezani, siyo karata wala drafti, ni mchezo wa hadithi, kila mmoja anajitungia mtu wake, huyu mchawi, huyu askari, wanasafiri milimani kutafuta joka huku wote wamekaa kwenye makochi yangu, na mtu akitaka kuruka shimo anarusha dadu, dadu ikikataa anaanguka. Anayeongoza hadithi ni binti mmoja muuzaji kwenye duka la dawa, wanamwita Msimulizi, binti ana adabu, anakunywa chai bila sukari. Mwanzoni niliwasikia wakiambiana "tabia yako imezidi, tukutafutie kasoro" nikadhani wanasutana, nikaja kuelewa kwamba kwao tabia ni uwezo wa yule mtu wa hadithi, kama kuona gizani au kusikia mbali, na wao tabia za kwenye kitabu cha mchezo zimewachosha, wanajitungia zao, na sheria ya Msimulizi ni kwamba ukijitungia tabia nzuri ujitungie na kasoro ya kuilipia, mizani ikae sawa, asitokee mmoja wa kuwafunika wenzake.

Mtu wa mwanangu anaitwa Nyundo. Mfupi, mbishi, hana subira. Mshauri, nilimpenda. Siku moja naingia na chupa ya chai nasikia Nyundo ameanguka darajani, amebakiza pumzi tu, mwanangu ameshika dadu, nikajikuta nasema jamani msimuue, mimi nina tabia ya kumpa. Wakacheka. Nikawaambia inaitwa Dua ya Mama, kila Nyundo akitaka kufa, mama yake kule alikotoka anamwombea, anaamka. Msimulizi akaniuliza kwa heshima, "Na kasoro yake, Mama?" Nikasema anaogopa bahari. Wakatazamana, lakini nani atanikatalia na kochi ni langu na chai ni yangu, ikapita.

Basi tangu hapo Nyundo hafi. Kuna moto, anaingia. Kuna joka, analifuata kulitukana. Mimi nipo jikoni nasikia raha, na wenzake wakawa wanamfuata nyuma maana wakibaki hadithi inawaacha, mpaka Jumamosi moja mwenzao mmoja kinyozi, rafiki wa mwanangu tangu wana vitambi vya utoto, mtu wake alikuwa mganga, amemlea tangu mwanzo wa safari, akaungua nyuma ya Nyundo akafa kabisa, na Nyundo akaamka anajikung'uta majivu. Kinyozi akaweka dadu mezani polepole. "Mwenye mama hafi," akasema. "Sisi tuliookotwa jalalani ndio kuni."

Mwanangu akanigeukia. "Mama, iondoe hiyo tabia."

Nikamwambia humu ndani kwangu hafi mtu.

"Mama, kule kazini nakunja nyaya chini wenzangu wako juu. Na hapa kufa nimekatazwa. Sasa mimi hasa nafanya nini?"

Hilo la kazini nalo ni kweli, nilimwomba msimamizi wao asimpandishe mnarani, ni jirani yetu wa ukuta mmoja, sikujua kama maneno yatamfikia.

Sasa wamehamia chumba cha nyuma cha saluni ya kinyozi. Mwanangu anarudi, anasalimia, anakula, analala, na nimemsikia kwenye simu akiulizia chumba cha kupanga. Jumamosi iliyopita nilichemsha chai ya watu wote nikaimwaga. Nimewaza labda nimwongezee Nyundo kasoro nyingine, awe na mafua yasiyoisha, ili mizani ikae sawa na wao warudi. Nifanyeje? Nijibu, na usinifiche.

Mama Nyundo


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, nimekuzidi.

Mama Nyundo, nilipofika kwenye sahihi yako nilirudi juu kutafuta jina la huyo uliyemzaa kwa uchungu. Halipo. Umejaza karatasi mbele na nyuma, umesahau kumtaja mwenye ndevu, ukasaini kama mama wa kijitu kinachoishi kwenye dadu. Na bado unashangaa kwamba mwenye ndevu anatafuta chumba.

Tuanze na kasoro yako. Anaogopa bahari. Safari yao yote iko milimani, maji ya karibu kuliko yote yako kwenye birika lako, halafu wewe unakuja na bahari. Hii ni sawa na mlevi kuapa kwamba kuanzia leo hanywi tena maziwa ya twiga. Unaniambia huna shule. Shule ya nini, mama, wakati umewauzia vijana mbuzi kwenye gunia na wakakushukuru kwa chai? Kasoro ya kweli ni ile inayomuuma mtu siku ambayo hataki imuume. Angekuwa kila akifufuka anapoteza kitu anachokipenda, hapo tungesema umelipa. Wewe ulichukua mali dukani ukaacha kifungo cha shati kaunta.

Sasa unataka umwongezee mafua. Mafua, mama. Upande mmoja wa mizani mtu asiyekufa, upande wa pili kamasi.

Na hao vijana sitawapitia pembeni. Huyo Msimulizi mwenye adabu aliweka sheria kwa mdomo wake, akaivunja kwa kikombe cha chai, tena bila sukari. Mchezo wenye mwamuzi anayeogopa mwenye kochi hauna mwamuzi. Ametazamana na wenzake, ndiyo, na kutazamana hakujawahi kuokoa mtu. Alipaswa kukwambia hapo hapo, "Mama, bahari hapana, taja nyingine." Mganga wa kinyozi amekufa kwa sababu binti mzima aliona aibu kusema sentensi moja.

Ila kinyozi ndiye aliyeona sawasawa. Hakulilia mganga. Alilia kwamba wote walipanda daraja moja, halafu mmoja akawekewa godoro chini. Tangu siku hiyo hakuna hatari ya mwanao iliyokuwa na thamani mbele ya wenzake, wala ushujaa wake. Anaingia motoni na hakuna anayemstaajabia. Ulidhani umempa uhai wa ziada, kumbe ulimfanya mtu wa kuchekwa, na yeye aliliona hilo kabla yako, ndiyo maana alikuomba uondoe. Alikuomba mbele ya rafiki zake, kwa heshima. Ukamjibu kwa habari za nyumba ni ya nani.

Sasa nije kwenye lile ulilolificha kwenye mkia wa sentensi, kama mtu anayesukuma taka chini ya mkeka mgeni akiwa mlangoni. Ulimwendea msimamizi wake. Fundi wa minara anakunja nyaya chini ya mnara, na wenzake walio juu wanajua kwa nini. Mama, hujampa Nyundo tabia mpya. Umeihamishia mezani ile ile unayoitumia kwa mwanao, umeipa jina la dua ili asiwepo wa kukukatalia.

Hofu yako siicheki. Mnara ni mrefu, na kule juu mtu akiteleza hakuna wa kurusha dadu mara ya pili. Nami nimezaa, najua mama anavyoikimbilia simu ikilia saa ya kazi. Lakini kuogopa ni kwako, kazi ni yake. Mwombee asubuhi na jioni, dua ya kweli haihitaji kasoro wala mizani, na hakuna atakayekupangia. Mwombe Mungu. Acha kumwomba msimamizi.

Haya, fanya hivi. Kesho nenda kwa huyo jirani yako, umwambie, "Nililokuomba kuhusu mwanangu nimelifuta, mpange kama unavyowapanga wengine." Usiongeze kwamba ana kifua au kwamba ni kitinda mimba. Ukitoka hapo nenda moja kwa moja kwa mwanao umwambie ulichofanya zamani na ulichofanya leo, kabla ukuta haujamwambia. Ukitaka kujua kuhusu mikanda na kamba wanazofungiwa wakipanda, muulize yeye. Atakueleza mpaka uchoke, mafundi wanapenda kuulizwa.

Hilo la chumba, likifika mezani, usilipinge. Mtu mwenye ndevu kupanga chumba si msiba. Msiba ni kuondoka bila kukwambia ni mtaa gani, na hapo ndipo ulipokuwa unaelekea.

Jumamosi nenda kwenye saluni. Piga hodi, usubiri uitwe. Chupa ya chai iache nyumbani, maana chai yako imeshageuka hongo. Mbele yao wote sema Dua ya Mama imefutwa. Kisha mgeukie kinyozi, yule uliyemwona akikua na akasema mbele yako kwamba ameokotwa jalalani nawe hukufumbua mdomo, umwombe radhi kama mwanao. Usiombe mganga wake afufuliwe. Naijua akili yako, imeshaanza kupanga. Akifufuka huyo utakuwa umefungua duka lingine.

Wakikwambia kaa, kaa. Wakisema asante kwaheri, nenda, usijibaraguze mlangoni. Lakini nadhani watakukalisha, maana vijana wana mioyo laini kuliko sisi.

Na ukikaa ujue kwamba Nyundo huenda akafa siku hiyo hiyo, mwanao atamrusha mahali pabaya makusudi, aone kama kweli umeacha. Dadu itakapokataa usigune, usishike kifua, usimguse bega. Mwache aiokote dadu mwenyewe. Akishainua kichwa muulize, kwa jina lake ulilompa wewe, "Huyu mwingine utakayemtunga atakuwa mtu wa namna gani?" Halafu msikilize mpaka amalize, na usipendekeze kitu.